Kuziba uvungu wa nyumba kabla ya kuuza: hela inarudi au inabaki huko huko chini?

Ukishasema tu unataka kuuza nyumba, hasa ukiwa North Carolina, Tennessee, Georgia, South Carolina, huko kusini mashariki mwa Marekani ambako nyumba nyingi zimeinuliwa kidogo kutoka ardhini na chini yake kuna uvungu wa futi 2 au 3 hivi, lazima atatokea mtu wa kukwambia ziba uvungu kwanza, yaani utandike nailoni kwenye udongo wote na kuipandisha ukutani, ufunge matundu ya hewa na uweke njia ya kuikausha hewa iliyobaki humo. Atakwambia ukiziba nyumba itauzika haraka, bei itapanda, hela yako itarudi yote na zaidi. Bei anayokutajia ni dola 8,000, 10,000, wengine wanafika 15,000, na anataka usaini leo leo maana punguzo linaisha leo.

Hili jambo linaniuma kwa sababu wengi wetu tunaouza sasa hivi tunauza nyumba ya kwanza tuliyowahi kununua, mkopo umelipwa kwa shifti mbili na overtaimu, na elfu 10 kwa mtu wa hivyo siyo hela ya kubahatisha. Msimamo wangu ni huu: uvungu uliozibwa hauongezi bei ya nyumba kiasi cha kurudisha gharama yake, ila uvungu mbovu unaweza kuila hiyo bei vibaya sana au kuua dili zima. Kwa hiyo inategemea uvungu wako uko kwenye hali gani leo, na wewe mwenyewe utaendelea kukaa humo ndani miaka mingapi. Mtu akikupa jibu kabla hajauliza hayo mawili, ujue yuko kwenye biashara yake.

Tuanze na bei. Benki ya mnunuzi inatuma mthamini, na kazi ya mthamini ni kulinganisha, anatafuta nyumba angalau tatu zilizouzwa karibuni zinazofanana na yako halafu anaongeza hapa anapunguza pale kulingana na ukubwa, vyumba, mabafu, hali ya jiko na kadhalika. Ukubwa unahesabiwa kwa eneo la kuishi, na tangu Aprili 2022 Fannie Mae, kampuni kubwa inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, inataka vipimo vifuate utaratibu wa ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani, na uvungu kwenye hesabu hiyo haumo, uwe umezibwa au umeachwa wazi. Sasa ili mthamini akuongezee dola 10,000 kwa sababu ya nailoni iliyotandikwa chini ya sakafu anahitaji kuonyesha kwamba nyumba za jirani zilizozibwa ziliuzwa kwa bei kubwa kuliko ambazo hazikuzibwa, na hiyo data kwa kawaida hana, kwa sababu hata kwenye matangazo ya nyumba watu hawaandiki vizuri uvungu ukoje.

Halafu angalia fomu yenyewe. Ile Fomu 1004 ambayo wathamini wameitumia miaka na miaka ina kiboksi cha kusema nyumba imekaa juu ya uvungu, na pembeni yake kuna viboksi vingine vitatu, dalili za wadudu, dalili za unyevu, dalili za nyumba kutitia. Yaani uvungu ukitajwa pale, pamoja nao kinachoulizwa ni ubaya wake. Mimi nikiona hivyo naelewa kabisa soko linautazamaje uvungu: ukiwa mzuri hakuna anayekupongeza, ukiwa mbaya unaandikwa.

Na mkopo wa FHA, ule unaodhaminiwa na serikali kuu ya Marekani, una masharti yake tena. Mthamini wa FHA anatakiwa kuingiza angalau kichwa na mabega kwenye mlango wa uvungu aangalie, mtaka cha mvunguni sharti ainame, na akikuta maji yametuama au unyevu umepitiliza au takataka zimejaa, analazimika kuandika na mara nyingi mkopo unasimama mpaka kirekebishwe. VA, idara ya wanajeshi wastaafu inayodhamini mikopo yao, nao kwenye majimbo mengi wanadai ripoti ya ukaguzi wa wadudu wanaokula mbao. Ukikumbuka kwamba wanunuzi wengi wa nyumba za bei ya kati wanakuja na mikopo hiyo miwili, utaona kwamba hatari kwa muuzaji iko kwenye dili kukwama kuliko kwenye kukosa nyongeza.

Sasa huko chini kunatokea nini hasa mpaka kuwe na kelele zote hizi? Nyumba za zamani zilijengwa na matundu ya hewa kwenye ukuta wa msingi, wazo likiwa hewa ipite ikaushe. Sheria za ujenzi zilikuwa zinataka futi 1 ya mraba ya tundu kwa kila futi 150 za mraba za sakafu. Kwa maeneo makavu wazo hilo linafanya kazi. Kwa kiangazi cha kusini mashariki linageuka kuwa balaa, na hesabu yake ni rahisi sana. Chukua hewa ya mchana wa Julai, nyuzi 30 za Selsiasi na unyevunyevu wa asilimia 70. Hewa hiyo ikipoa mpaka karibu nyuzi 24 inaanza kutoa maji. Uvunguni kuna ubaridi wa ardhi, kuna sakafu ambayo juu yake AC inafanya kazi, na kuna mifereji ya hewa ya AC yenye ubaridi wa nyuzi 13 au 14. Kwa hiyo hewa uliyoikaribisha ije kukausha inafika pale na kumwaga maji kwenye kila kitu cha baridi inachokigusa, mchana na usiku, miezi minne mitano.

Ukiingia na tochi kwenye uvungu wa namna hiyo mwezi wa nane unaona mifereji ya AC imetoka jasho inadondosha matone kwenye udongo, insulesheni ya fiberglass iliyopigwa katikati ya maboriti imelowa, imekuwa nzito, vipande vingine vimeshachomoka vinaning'inia na vingine viko chini vimelala, maboriti yana vumbi jeupe jeupe la ukungu upande wa chini, misumari imeota kutu. Inspekta wa mnunuzi akichoma kipimo chake cha unyevu chenye pini mbili kwenye boriti kinasoma asilimia 22, 24. Mbao inatakiwa ikae chini ya asilimia 20, na ikiendelea kubaki kwenye 28 kwenda juu hapo ndo fangasi wa kuozesha wanapata maisha. Kwa hiyo 24 siyo kwamba nyumba inaanguka kesho, ila ni namba ambayo mnunuzi akiisoma kwenye ripoti yenye picha moyo unapasuka.

Na hapo ndipo hela inapopotea kweli. Mnunuzi ambaye hajawahi kumiliki nyumba anaona neno ukungu, anaona picha, anapiga simu kampuni ya kuziba, kampuni inampa makadirio ya juu kabisa, dehumidifaya (mashine ya kukausha hewa) ya gharama ndani, pampu ndani, matibabu ya ukungu ndani, dola 14,000. Anarudi kwako na karatasi hiyo anataka upunguze 14,000, na wengine wanaongeza juu yake kwa ajili ya usumbufu. Wewe umeshapakia nusu ya vyombo, nyumba nyingine umeshaiwekea offa, huna nguvu ya kubishana. Kazi ambayo ungetafuta makadirio matatu kwa utulivu na ukaipata kwa 7,000 sasa unailipia mara mbili. Na akiondoka hujapona, kwa sababu majimbo mengi yana fomu ya muuzaji kueleza kasoro anazozijua na sasa tatizo umeshalijua, huwezi tena kuandika kwamba hujui, na nyumba ikirudi sokoni kila anayeiona anajiuliza wa kwanza alikimbia nini.

Kwa hiyo faida ya kuziba ipo, ila ni ya kinga, na kinga ina thamani pale penye ugonjwa unaokuja kweli. Wenzetu wanaouza hii huduma wanachukua thamani ya kinga wanaiita faida ya mauzo, na hapo ndipo mimi nagombana nao.

Wanaleta pia hoja ya umeme, na hii niipe haki yake kwa sababu kuna utafiti wa maana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 taasisi ya Advanced Energy ya Raleigh ilifuatilia nyumba 12 katika mji wa Princeville, North Carolina, nyingine zikiwa na uvungu wenye matundu na nyingine uliofungwa. Zilizofungwa zilikuwa kavu zaidi kiangazi, na zilitumia nishati kidogo kwa wastani wa asilimia 15 au zaidi kwenye kupasha joto na kupooza. Nzuri kabisa. Sasa piga hesabu ya muuzaji. Kama nyumba yako inakula dola 1,800 kwa mwaka kwenye joto na AC, asilimia 15 ni dola 270. Kazi ya dola 9,000 itajilipa kwa umeme peke yake baada ya miaka 33 hivi. Na kama umefungiwa dehumidifaya, yenyewe inakula umeme: mashine ya wati 500 ikizunguka masaa 12 kwa siku kwa miezi 5 ni kama yuniti 900. Kwa hiyo mtu anayeuza baada ya miezi mitatu akiambiwa umeme utarudisha hela, huo umeme utamrudishia mnunuzi, siyo yeye.

Kwa anayekaa miaka nane, kumi, mimi maoni yangu yanabadilika kabisa. Huyu anapata sakafu isiyopinda, anapata nyumba isiyo na ile harufu ya udongo mbichi, maana hewa ya uvunguni haibaki uvunguni, nyumba inavuta hewa kutoka chini kwenda juu kupitia nyufa za sakafu na matundu ya mabomba, mtoto mwenye pumu chumbani anapumua kile kile kilichoko chini. Anapata mbao kavu, na kila mwaka anaokoa kidogo kwenye bili. Siku anauza, ripoti ya inspekta inatoka safi. Huyo nitamwambia ziba, tena mapema, mwaka wa kwanza ukiweza. Mtu anakaa miaka tisa juu ya uvungu uliolowa halafu anauziba miezi miwili kabla ya kuuza, gharama kailipa yote na raha anamwachia mwingine, hiyo kwa kweli inanisikitisha.

Kwa anayeuza hivi karibuni nadhani kitu cha kwanza ni kumlipa inspekta wako mwenyewe, dola mia chache, mtu ambaye hauzi nailoni wala mashine, aingie huko chini apime na kupiga picha. Kama mbao zinasoma 12, 14, hakuna ukungu na ardhi ni kavu, mimi nakwambia usizibe. Tandika nailoni ya unene wa mil 6 au 10 kwenye udongo wote, hiyo mil moja ni sehemu ya elfu ya inchi usidanganyike ukafikiri ni milimita, kunja ipande kidogo ukutani, panga vipande vilaliane inchi 6, toa takataka na insulesheni iliyoanguka, tengeneza mlango wa uvungu ufunge vizuri. Kazi hiyo inaweza kugharimu mia kadhaa ukiifanya mwenyewe au elfu moja mbili ukimpa fundi, na kwa nyumba kavu ripoti itatoka karibu sawa na ya aliyetumia elfu 12.

Kama kuna maji, shida kubwa mara nyingi iko nje, na hapa kampuni nyingi zinakimbilia kuuza zinachokiuza. Gata zimeziba au bomba la gata linamwaga maji pale pale kwenye msingi. Udongo umeinamia upande wa nyumba wakati sheria inataka uiname kwenda nje, inchi 6 ndani ya futi 10 za mwanzo. Bomba la kukaushia nguo limechomoka na linapulizia mvuke uvunguni, hiyo ipo sana. Bomba la maji ya AC linadondoshea chini. Rekebisha hivyo kwanza usubiri mvua mbili tatu kubwa zipite. Ukiziba juu ya maji, maji hayajaenda popote, yanakaa chini ya nailoni na kutafuta pa kutokea, na dehumidifaya itazunguka mchana na usiku mpaka ife.

Nikiwa hapa hapa, yule anayetaka kuziba haraka ili mnunuzi asione mbao zilizooza aache. Nailoni nyeupe mpya kabisa kwenye nyumba ya miaka 40 haimtulizi inspekta mzoefu, inamfanya aanze kuchoma mbao moja moja na kuuliza imewekwa lini, na nani, kabla yake kulikuwa na nini. Na ukishajua kasoro ukaifunika, mnunuzi akija kuigundua baadaye anaweza kukupeleka mahakamani, na kesi ya namna hiyo itakula zaidi ya punguzo lolote ambalo ungempa. Zaidi ya sheria, kuna familia itakayolala juu ya sakafu hiyo.

Kuna mambo manne ambayo mtu anayekuja kukupa makadirio asipoyagusa mwenyewe usimpe kazi. Kama chini kuna tanuri la gesi la kupasha nyumba joto au hita ya maji inayovuta hewa ya uvunguni, ukifunga matundu inakosa hewa ya kuwakia na inaweza kutoa kaboni monoksaidi, na hiyo inaua watu usingizini, kwa hiyo lazima iletewe hewa ya nje au ibadilishwe. La pili ni radoni, gesi ya kutoka ardhini isiyo na harufu wala rangi, kiwango ambacho EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, inasema chukua hatua ni pikokyuri 4 kwa lita, na kufunga matundu bila kupima kunaweza kuipandisha ndani, ingawa nailoni iliyofungwa vizuri ikiwekewa bomba na feni chini yake inakuwa ndiyo dawa. La tatu mchwa: juu ya ukuta wa msingi kunaachwa ukanda wa inchi 3 hivi usiofunikwa ili mkaguzi aone kama njia za mchwa zinapanda, kampuni ikifunika mpaka juu unaweza kukosa ripoti safi ya wadudu siku ya kufunga dili. La nne wengi hawalijui, nyumba iliyo kwenye eneo la mafuriko inaweza kuwa na matundu yaliyowekwa kwa ajili ya maji ya mafuriko yapite, inchi 1 ya mraba kwa kila futi 1 ya mraba ya eneo lililozungukwa na kuta, na hayo hayazibwi, ukiyaziba unavunja masharti ya ujenzi na bima ya mafuriko inaweza kupanda bei kwako au kwa mnunuzi.

Na kuziba kwenyewe kuna kazi kamili na kazi nusu. Ukishafunga matundu lazima uwe na njia ya kuikausha hewa iliyobaki humo, sheria nyingi zinazofuata IRC, zile kanuni za mfano za ujenzi wa nyumba za kuishi, zinakubali feni ya kutoa hewa muda wote, au hewa kidogo kutoka kwenye mfumo wa AC, futi 1 ya ujazo kwa dakika kwa kila futi 50 za mraba, au dehumidifaya ya kutosha. Mtu anayekutandikia nailoni, akafunga matundu, akaondoka, amekuachia boksi lililofungwa lenye unyevu ndani. Kazi kama hiyo kwenye mauzo inakugeuka, maana umelipa na bado ripoti inasoma unyevu wa asilimia 80 wakati ulitakiwa ukae chini ya 60.

Sasa kama umeshaamua kuziba, au ulishaziba zamani, kitu kinachogeuza kazi hiyo kuwa hela mezani ni makaratasi, na hapa naona watu wanapoteza kizembe. Weka mkataba, risiti, kibali kama eneo lako linakidai, picha za kabla na baada, na vipimo vya unyevu vya kila msimu. Kile kipimo kidogo cha unyevu cha kuacha uvunguni kinachotuma namba kwenye simu kinauzwa bei ndogo sana, na mwaka mzima wa namba zilizokaa 50, 55 unamnyamazisha mnunuzi kuliko tangazo lolote. Garantii isome vizuri, nyingi zinahamishika kwa mwenye nyumba mpya ila kwa fomu maalum na ndani ya siku fulani baada ya mauzo, nyingine zinakufa kama hukulipia sevisi ya kila mwaka, kwa hiyo dalali wako asiandike kwenye tangazo garantii ya maisha kabla hujajua kama bado iko hai. Risiti zina kazi nyingine pia kwenye kodi, maboresho ya kudumu kwa kawaida yanaongezwa kwenye gharama yako ya nyumba ukikokotoa faida, ingawa wengi hawafiki kwenye kodi hiyo kwa sababu dola 250,000 za faida kwa mtu mmoja na 500,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja zinasamehewa ukiwa umemiliki na kuishi humo miaka 2 kati ya 5 ya mwisho.

Na kama inspekta wako kakuta unyevu, muda umebana, hela hamna, njia ya kuweka wazi bado ipo na mimi naipenda kuliko kukopa ili uzibe. Pata makadirio matatu ya maandishi, yaweke pamoja na ripoti pale mezani siku ya kwanza ya kuonyesha nyumba, panga bei ukiwa umeshalifikiria hilo, au mpe mnunuzi kredi ya kiasi fulani siku ya kufunga achague mwenyewe fundi wake, ila aulize benki yake mapema kwanza, maana kama mthamini wa FHA keshaandika kwamba unyevu lazima urekebishwe kabla ya mkopo kutoka, kredi peke yake haitatosha na kazi itabidi ifanyike nyumba ikiwa bado kwa jina lako.